Mchanga Usiochafua Kiganja

Kila jioni, kabla sijala, nashika reki na kusawazisha mchanga. Hatua kumi na mbili kwa hatua ishirini na tano, naenda na kurudi, mpaka alama za kwato zipotee. Mgongo wangu umeshalalamika mara nyingi kwamba kazi hii si ya mtu wa umri wangu. Nimechoka, nakiri. Nilichoka kabla mchanga haujafika, nikachoka ulipofika, na sasa nachoka kuutunza. Kama kuna mtu anadhani uwanja wa farasi nyumbani ni starehe ya matajiri, aje huku Uru anipokee reki.

Mimi ni kitinda mimba wa nyumba yetu, na kwetu Uchagani kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya waliotutangulia, akawatunza wazazi mpaka mwisho. Kaka yangu mkubwa alikwenda Dar akafanya biashara, akafanikiwa, na kila Krismasi anakuja na gari kunieleza jinsi ya kuendesha nyumba. Mimi nilibaki. Miaka mingi nilikuwa nashuka tambarare kufanya kazi ya kutunza farasi kwenye shamba la mama mmoja wa Kizungu. Alipozeeka, akafunga shughuli zake arudi kwao. Farasi wote walipata wanunuzi isipokuwa jike mmoja mzee, mwenye mvi usoni. Akaniuliza kama nitamchukua.

Nilipaswa kusema hapana. Badala yake nilipanda naye mlima kwa miguu siku nzima, watu wamesimama milangoni mwao wanaangalia kama vile ni harusi inapita. Jirani yangu mmoja hakuvumilia, akauliza kwa sauti ni Mchaga gani huyu anayefuga mnyama asiyekamuliwa maziwa wala kuchinjwa sikukuu. Nikamjibu kwamba ng'ombe wake anakula kuliko huyu. Uongo mtupu. Farasi yule anakula majani utadhani analipwa kwa kazi hiyo.

Nilimchukua kwa ajili ya binti yangu. Mtoto huyu wa mwisho alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili anayo, tena ya kutuzidi, na mdomo anao, lakini miguu yake imekaza, akisimamishwa inapishana kama mkasi, na mgongo wake ulikuwa unalala upande. Kule shambani niliwahi kuona watoto wa namna yake wakiletwa kupandishwa farasi. Farasi anatembea taratibu, mtoto anatikisika, na kule kutikisika kunauamsha mgongo. Daktari wa viungo kule mjini aliniambia hilo si dawa ya kumponya, lakini kama nina farasi, nimpandishe kila siku nisiache.

Basi tukaanza. Mwanzoni nilimfunga kwa kanga kifuani kwangu, tunapanda wawili. Mwaka haukuisha, akawa anakaa mwenyewe, mikono kwenye manyoya ya shingo, mimi natembea pembeni nimemshika goti tu. Akiwa juu pale alikuwa mrefu kuliko sisi wote. Alikuwa ananiagiza nimletee ndizi mbivu iliyo juu ya mkungu, halafu anaichuma yeye kabla sijainua mkono. Mke wangu alikuwa anageuka upande ili tusimwone anavyofuta macho.

Shida ilikuwa ardhi. Huku kwetu hakuna tambarare, kila kitu kimeinama, na udongo wetu mwekundu ukinyeshewa unateleza kuliko sabuni, na ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Masika moja farasi aliteleza mtoto akiwa juu. Mtoto nilimdaka, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini farasi aliumia kano za mguu wa mbele. Daktari wa mifugo alikuja, akaupapasa ule mguu kwa muda mrefu. Akasema mguu utapona, lakini kwa ardhi hii asipandwe tena. Siku moja ataanguka mzimamzima, na atamwangukia mtoto. Kama nataka kuendelea, nitafute sehemu niisawazishe na niweke mchanga.

Aliyasema hayo mtoto akiwa amekaa kibarazani anasikia. Hakulia. Aliniuliza tu mchanga unapatikana wapi. Miezi mitatu iliyofuata hakupanda, na mimi na mama yake tuliona kwa macho yetu mgongo ukianza kulala tena, kila wiki kidogo zaidi. Hapo ndipo nilipojua kwamba sina hiari.

Nikateremka mpaka Njoro, kwa watu wanaouza mchanga wameurundika kama vichuguu kando ya barabara. Muuzaji wa kwanza aliniuliza najenga nini. Nikamwambia uwanja wa farasi. Akaita wenzake waje wanione. Nikaapa kwamba nikiulizwa tena nitasema najenga banda la kuku.

Mtu asiyejua anadhani mchanga ni mchanga. Kule shambani nilijifunza kwa machozi ya farasi wengi. Ule laini wa kupigia plasta ni mzuri kwa macho, lakini farasi anazama, anavuta miguu, kano zinachoka, na kiangazi vumbi lake linaingia kifuani. Ule wa mtoni wenye punje za mviringo umeoshwa vizuri, lakini unabiringika chini ya kwato kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Vumbi la kokoto ni rahisi, ila likilowa na kukanyagwa linashikana, unakuwa umejenga barabara. Unaofaa ni wa punje za wastani zenye pembe, unaopitisha maji, usio na udongo ndani. Na usizidi kina cha vidole vinne, kwa sababu ukizidisha kwa ukarimu wako unamvunja mnyama miguu.

Halafu ukishaujua, uupate kwa bei ambayo mtu wa migomba na ng'ombe wawili anaiweza. Hapo ndipo kichwa kinapouma. Kila aliyekuwa na mchanga mzuri alitaja bei, nikitaja Uru anaongeza, kwa sababu ya mlima, na nikitaja kwamba barabara yetu haina lami anaongeza tena, kwa sababu ya springi za lori lake. Nilizunguka siku nne. Nilibeba chupa ya maji tupu, natia mchanga, natia maji, natikisa, nausubiri utulie nione udongo ulioelea juu ni kiasi gani. Muuzaji mmoja alisimama ananitazama natikisa chupa kama mganga, akanipigia methali kwamba mchagua nazi hupata koroma. Nikamwambia mimi natokea mlimani, nazi sizijui. Lakini mchanga wake kwenye chupa ulikuwa safi, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko ya wengine, na mimi miguu ilikuwa inawaka moto. Nikakubali tripu tatu.

Nyumbani nilikuwa nimeshachimba. Mahali pekee palipokaribia kuwa sawa palikuwa mbele ya nyumba ya mama tunamoishi sote, penye mibuni mizee ambayo baba yangu aliipanda na ambayo ilikuwa haizai tena. Niliing'oa. Niliuomba radhi kila mbuni, nikachonga ardhi upande wa juu, nikajaza upande wa chini, nikaweka mawe pembeni, nikachimba mfereji wa maji. Wiki tatu za jembe na sururu, mimi na mke wangu, tunalala tukiguna. Palipomalizika palikuwa pamenyooka kama meza, kitu ambacho kwenye kihamba chetu hakijawahi kuonekana.

Sasa nieleze habari ya mama. Siku zile mama yangu alikuwa mgonjwa. Alikuwa mzee sana, moyo umechoka, miguu imevimba, na alikuwa hajatoka kitandani karibu mwezi mzima. Mke wangu alikuwa anampa mtori, supu yetu ya ndizi, kwa kijiko. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na dirisha linatazama palepale nilipochimba. Aliniona nikichimba siku zote zile, na hakuuliza kitu. Nikadhani hana nguvu za kuuliza.

Malori yalikuja siku mbili. Yalishindwa kugeuza mpaka kwenye uwanja, yakamwaga mchanga wote kwenye uwazi chini ya dirisha la mama. Nilipouona umerundikana pale nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtoto.

Hapa ndipo niliposahau kwamba nimezaliwa Uchagani. Kwetu mzee akiugua muda mrefu, watoto huanza kutengeneza nyumbani kimyakimya. Barabara inachongwa magari yaweze kufika. Choo kinajengwa kingine. Nyumba inapakwa rangi. Sehemu inasawazishwa ya kusimamishia maturubai na viti vya wageni. Mwisho kabisa analetwa fundi, na mchanga wa kujengea kaburi, maana sisi tunazika nyumbani na kaburi lazima liwe la saruji, tena likiwezekana la vigae. Hakuna anayetamka kazi hiyo ni ya nini. Kila mtu anajua, mgonjwa anajua, na wote wanasifia rangi ya nyumba. Nami, mtu mzima na akili zangu, mama yuko ndani taabani, nimesawazisha uwanja wa kutosha maturubai manne na nimemwaga mchanga dirishani kwake. Kichwa changu kilikuwa kimejaa farasi.

Aliyeona kwanza ni mama mwenyekiti wa jumuiya yetu. Alikuja na kina mama wenzake kusali rozari na mgonjwa. Alisimama akautazama uwanja, akautazama mchanga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia nimefanya vizuri, wengine wanasubiri mpaka jambo liwakute. Nikamwambia asante, nikidhani anasifia kazi yangu ya mawe. Kesho yake asubuhi watu wakaanza kufika. Mmoja ameleta mkungu wa ndizi, mwingine maziwa, mwingine debe la ulezi kwa ajili ya pombe ya mbege. Mzee mmoja alipima uwanja kwa hatua, akanishauri kwamba mlango wa turubai uelekee barabarani. Ndipo nilipoelewa, nikaketi chini kwenye mchanga.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Habari ilikuwa imeshafika Dar. Kaka alipiga simu akiwa njiani tayari, sauti imekauka, ananilaumu kwa nini sikumwambia hali ni mbaya kiasi hicho mpaka asikie kwa watu. Nilijaribu kumweleza kwamba mchanga ni wa farasi. Akauliza tena, nikamjibu tena. Akakata simu.

Alifika jioni hiyohiyo na koti jeusi la suti limening'inia ndani ya gari, bado lina mfuko wa dobi. Alimsalimia mama, akatoka, akatuita sebuleni mimi na mke wangu. Alizungumza kwa utaratibu, na hilo ndilo linalouma kwa kaka yangu, kwamba hapigi kelele. Alisema nimeiaibisha familia. Alisema hakuna mtu mwenye akili anayelaza mchanga nje mgonjwa akiwa ndani, kwa sababu mchanga ukilala unaita. Alisema uondolewe kesho, na sehemu ile ipandwe migomba, na farasi atafutiwe mtu wa kumchukua. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu, vina malengelenge ya sururu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningekubali. Kweli ningekubali, laiti angeishia pale. Lakini akamalizia na ile methali ya wakubwa, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Guu la nani, kaka?" nikamwambia. "La kwangu, la farasi, au la mtoto?"

Sikuwa nimewahi kumjibu kaka yangu hivyo. Mke wangu aliinuka akaenda jikoni. Nilimwambia yote. Nilimwambia aende chumbani amtazame mtoto anavyokaa sasa, amkumbuke alivyokuwa Krismasi, halafu arudi anieleze habari za mchanga unaoita. Nilimwambia mimi ndiye ninayemgeuza mama kitandani, kwa hiyo asinifundishe kumpenda. Hilo la mwisho lilikuwa baya, na nilijua ni baya likiwa bado mdomoni. Macho ya kaka yalikuwa mekundu ya safari, naye alikuwa amechoka, ila mimi sikumwonea huruma wakati ule.

Ndipo tukasikia ukuta unagongwa. Mama alikuwa na fimbo yake kitandani, ya kuitia watu. Nyumba yenyewe ina ukuta wa mbao tu kati ya chumba na sebule, alikuwa amesikia kila neno.

Tukaingia wote wawili kama watoto waliovunja chungu. Hakutugombeza. Aliagiza tumtoe nje, auone huo mchanga. Kaka akasema baridi itampiga. Mama alinyoosha mikono tu. Tukamweka kwenye kiti, kaka mbele mimi nyuma, tukambeba. Alikuwa mwepesi, nikashindwa kuelewa ni mama huyuhuyu aliyekuwa akitubeba sisi. Binti yangu naye akajiburuta mpaka mlangoni kwa mikono yake, kama anavyofanya asipotaka kupitwa.

Tulimweka kando ya rundo. Aliomba achotewe. Nikachota kiganja kimoja, nikampa. Akaukamua kwa nguvu zake zote zilizobaki, kisha akafungua mkono akautupa mchanga, akatuonyesha kiganja. Kilikuwa chekundu kwa matope.

"Umeibiwa, mwanangu," akasema.

Akatueleza, kwa kupumzikapumzika, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa msichana, kanisa letu lile kubwa lilijengwa kwa mchanga uliobebwa kichwani na wasichana wa vijiji hivi kutoka mtoni. Kila Jumamosi, kila msichana na karai lake. Mlangoni alisimama katekista. Ukifika unakamua ngumi ya mchanga wako mbele yake, unafungua kiganja. Kikiwa safi unamwaga, unabarikiwa. Kikiwa na udongo unarudi mtoni na karai lako, kwa sababu nyumba ya Mungu haijengwi kwa matope. Yeye alirudishwa mara mbili tu, na mara zote mbili alilia njia nzima. Baada ya hapo aliujua mchanga kuliko mafundi.

Tukajaribu sehemu zote za rundo. Lori la kwanza lilikuwa safi, kama ule wa kwenye chupa yangu. Mengine mawili yalikuwa matope yaliyofunikwa mchanga juu. Mimi nilikuwa nimepima mara moja, kwenye kichuguu cha muuzaji, na miguu iliponiuma nikaona yatosha. Masika moja tu ule uwanja ungekuwa utelezi uleule, na mtoto yuko juu. Nilijisikia mjinga.

Mama akamgeukia kaka. Akamwambia yeye ndiye aliyezoea kubishana na wafanyabiashara, basi kesho aende na mimi. Tukalete mchanga unaofaa. Kaka akasema, kwa upole sasa, kwamba watu watasema. Mama akamjibu kwamba watu wameshasema, na ndizi wameshaleta, sasa zipikwe.

"Mimi nikifa nitakufa," akasema. "Mtoto huyu ana kazi ya kukaa."

Kesho yake tuliteremka na kaka, hatusemeshani mpaka tulipofika lami. Muuzaji alianza kwa kukana, lakini kaka alimkamulia mchanga mbele ya wateja wake, akafungua kiganja, akasimama hivyohivyo amenyoosha mkono kama anasubiri chenji. Yule bwana hakuweza kuvumilia. Tukakubaliana atufidie, lakini hatukutaka tena ule wa mwanzo. Nyuma ya vichuguu kulikuwa na mchanga mwingine, mweusimweusi, umechimbwa makorongoni, punje zina pembe. Mafundi hawaupendi kwa sababu unakwaruza na haulainiki ukutani, kwa hiyo hauna soko, na bei yake ilikuwa karibu nusu. Siku zile nne nilikuwa nimeupita bila kuutazama, maana nilikuwa natazama kwa macho ya mafundi. Kaka akakamua. Akafungua. Akanionyesha kiganja, nami nikakamua wangu. Tukapakia.

Ule wa matope kaka aliumwaga kwenye mashimo ya barabara yetu, na watu wote wakamsifu yeye. Sawa tu. Uwanja niliumwagia mchanga mweusi vidole vinne, nikauchanganya na ule safi kidogo, nikapitisha reki. Farasi nilimtembeza peke yake siku kadhaa, mguu ukashika. Kisha nikampandisha binti yangu.

Mama alikuwa dirishani, tumemwekea mito. Mtoto akapita mbele yake, mgongo umelala upande kama gunia lililofungwa vibaya, maana ilikuwa imepita miezi mingi. Akasema, "Bibi, niangalie." Akajivuta. Ilimchukua nusu ya mzunguko kunyooka, uso umejaa jasho, lakini alinyooka. Bibi yake aliinua fimbo juu. Nilishika hatamu nikatazama masikio ya farasi, kwa sababu nilikuwa siwezi kutazama kitu kingine.

Mama hakufa mwezi ule, wala uliofuata. Watu waliokuwa wamesifia maandalizi walianza kuona aibu. Kila jioni alitaka afunguliwe dirisha amwone mjukuu wake, na alikuwa hodari wa kukosoa: mkono umelegea, kichwa kimeshuka, farasi analala. Siku moja nilipomaliza kupitisha reki aliniita dirishani. Akaniambia siku yake ikifika, nichote humu humu uwanjani, nisimletee mwingine kutoka Njoro. Nikamwambia mama, acha maneno hayo. Akasema amebeba mchanga safi kwa ajili ya nyumba ya Mungu, na yeye hataki kufunikwa na matope. Alikuwa anacheka, lakini alinisubiri mpaka nikajibu ndiyo.

Alifariki masika yaliyofuata, mchana, mke wangu akiwa amemshika mkono. Mvua ilikuwa haikatiki. Maturubai yalisimamishwa kwenye uwanja wa farasi, manne kama yule mzee alivyopima, na mlango ukaelekea barabarani. Kijiji kizima kilikuwa matope mpaka magotini, lakini pale watu waliketi na viatu vyao safi, na nilisikia mmoja akisema kwamba mwana huyu alijipanga mapema. Sikumsahihisha. Sikuwa na nguvu hizo.

Asubuhi ya maziko kaka alikuwa kwenye simu, koti jeusi mwilini, anatafuta lori la mchanga wa kujengea kaburi. Hakuna dereva aliyekubali kupanda. Aliongeza bei, wakakataa, akaongeza tena. Fundi na mifuko yake ya saruji alikuwa amekaa kando ya shimo, lililochimbwa karibu na kaburi la baba, chini ya miti ya masale. Nilikwenda nikachukua toroli na koleo, nikaingia chini ya turubai la mwisho, nikaomba watu wasogeze viti, nikaanza kuchota.

Nilipofika kaburini na toroli la kwanza, kaka aliuona mchanga mweusi akakata simu. Mvua inamnyeshea. Fundi akanung'unika kwamba mchanga huu unakwaruza. Kaka akainama, akachota ngumi moja, akaikamua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaufungua mkono wake mbele yangu, kama mama alivyotufundisha.

Kiganja kilikuwa safi. Nikamwambia fundi achanganye.